Ndege wa Uani na Afya ya Nyumba Zetu

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia ndege. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, za chanjo, za maji safi na za lishe ya watoto. Mtauliza: je, wahariri wameishiwa na maneno? Hatujaishiwa. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kisha mpime wenyewe kama jambo hili linaihusu afya au haliihusu.

Tuanze na kisa kilichotufika. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa msimu wa kupanda, watoto wa nyumba mojawapo ya zetu walirudi kutoka shambani wakiwa wamebeba tetere saba. Walikuwa na furaha kubwa. Walisema hawakuwapiga kwa manati, bali waliwaokota tu kando ya shamba. Maji yalikuwa yamekwisha kuinjikwa, na chumvi iko tayari. Bibi wa nyumba ile akauliza swali moja: tetere saba wanakufaje siku moja, mahali pamoja, bila jeraha lolote? Akampasua mmoja kwa kisu. Ndani alikuta punje za mahindi zenye rangi nyekundu, ile rangi ya mbegu zilizotiwa dawa dukani. Bibi alimwaga maji, akachimba shimo refu, akawafukia wote saba. Usiku ule watoto walilia kwa kukosa kitoweo. Sisi wakubwa tulikaa kimya, kwa maana tulijua ni nini kingeweza kutokea.

Bibi yule hakusoma kitabu cha sumu. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kuwaangalia ndege. Alijua tetere wanavyoishi, kwa hiyo alitambua mara moja kwamba kifo kile si cha kawaida. Hilo ndilo tunalotaka kulisema mwezi huu: kuwatazama ndege wanaotuzunguka kila siku, na kuambiana tulichokiona, ni sehemu ya kulinda afya ya familia. Si mchezo wa watalii peke yao.

Ndege huonja kabla yetu

Huko Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka mashimoni na ndege wadogo wa manjano wa jamii ya chiriku, ndani ya vitundu. Shida yao ilikuwa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Ndege yule mdogo hupumua haraka, hivyo hudhurika mapema kuliko mtu. Akianguka kutoka kwenye kijiti chake, wachimbaji walijua wakati wa kukimbia umefika. Desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986, ndipo mitambo ikachukua nafasi yao.

Tunawakumbusha jambo hili tukiwa na sababu. Sumu ile ile ndiyo inayotoka katika jiko la mkaa. Hapa Njombe, mwezi wa sita na wa saba baridi inapokuwa kali, kuna familia zinazoingiza jiko chumbani na kufunga mlango na dirisha ili zilale kwa joto. Ndani ya chumba hicho hakuna chiriku wa kuwaonya. Tafadhali, jiko lilale nje.

Tuvuke bahari hadi India. Huko, katika miaka ya 1990, watu waliokuwa wakiwahesabu ndege katika hifadhi ya Keoladeo waliona kwamba tai wala mizoga wanapungua mwaka hadi mwaka. Watu wengi hawakujali. Nani atamlilia tai? Lakini tai waliendelea kufa, hata katika kila 100 wakatoweka zaidi ya 95. Mizoga ya ng'ombe ilibaki ikioza, na mbwa wa mitaani, ambao ndio waletao kichaa cha mbwa, wakajipatia chakula tele. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza chanzo: ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Tai akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa nayo, figo zake huharibika. Mwaka 2006 serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Tazameni mpangilio wa mambo: kwanza watu waliwatazama ndege, wakaandika, wakasema, ndipo maabara ikafuata.

Mfano wa tatu uko karibu na kwetu. Mnamo Januari 2017, nchini Uganda, ndege wa porini walikutwa wamekufa kwa wingi kwenye ufuko wa Lutembe, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Habari zilitolewa, vipimo vikafanyika, na ikajulikana kuwa ni homa ya mafua ya ndege. Kama waliowaona wangenyamaza, au wangewabeba nyumbani kuwachoma, ugonjwa ungepata nafasi ya kutembea gizani, na kuku wa vijijini wangekuwa wa kwanza kuangamia.

Je, sisi wa Njombe na Makambako tunao wa kuwatazama?

Tunao wengi mno. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wilaya zetu za nyanda za juu zina wake. Yupo ndege mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, mkaaji wa majani marefu, ambaye wataalamu wa dunia nzima humwita kwa jina la mji wetu: Cisticola njombe. Anaishi katika milima ya kusini mwa Tanzania na huko Malawi. Ni wangapi kati yetu tuliozaliwa hapa na kukulia hapa ambao tumewahi kusikia kwamba kuna ndege aitwaye Njombe? Tunajua majina ya wachezaji wa mpira wa Uingereza, lakini jirani huyu hatumjui.

Yupo pia mbayuwayu wa buluu, mwenye mwili unaong'aa kama wino na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huja nyanda zetu wakati wa mvua kuzaa, na hutaga ndani ya mashimo ardhini, kama yale yaliyochimbwa na mhanga. Mvua zikiisha hurudi kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria. Anahitaji mbuga za majani zilizo wazi. Kila tunapogeuza mbuga yote kuwa msitu wa misonobari, mikaratusi au miwati, tunamfungia mlango. Hatusemi watu wasipande miti. Miti imewasomesha watoto wengi wa mkoa huu. Tunasema kwamba mabonde na vilele vingine vibaki na majani yake, kwa maana hapo ndipo chemchemi zetu zinapohifadhi maji.

Na wale wa kila siku? Tazameni nyaya za umeme mnamo mwezi wa kumi: mbayuwayu waliotoka Ulaya wamepanga mstari kama watoto wa shule. Mwezi wa nne wamekwisha kuondoka. Tazameni vinyungu: hapo kuna yangeyange wakifuata ng'ombe, na mahali pengine korongo taji wakitembea kwa madaha. Pale Makambako, juu ya soko na maegesho ya malori, mwewe huzunguka na kunguru hugombea mabaki. Hata hao wana la kusema. Kunguru wakiongezeka mtaani, ujue taka zimeongezeka, na palipo na taka pana nzi, na palipo na nzi, kuhara hakuko mbali.

Habari ya ndege mmoja husafiri mbali

Wengine watasema: mimi nikimwona ndege, na nikimwambia jirani, kuna faida gani? Sikilizeni habari hii. Mwezi Mei 1911, mtu mmoja nchini Uingereza alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni na kumwachia. Mwezi Desemba 1912 mbayuwayu yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Mwenye nyumba angeweza kumtupa. Badala yake aliandika barua. Kwa barua ile moja watu walipata uthibitisho kwamba mbayuwayu wa Uingereza huja mpaka kusini mwa Afrika.

Nchini Tanzania pia, tangu miaka ya 1980, Neil Baker na Liz Baker walianza kukusanya taarifa za watu walioona ndege sehemu mbalimbali za nchi, kipande kwa kipande, katika kazi iitwayo Tanzania Bird Atlas. Kazi kama hiyo haifanywi na watu wawili peke yao. Hufanywa na kila mtu anayesema: tarehe fulani, mahali fulani, nilimwona fulani. Mkulima wa Lupembe aliye shambani tangu alfajiri huona mengi kuliko mgeni apitaye na gari siku moja.

Bundi si mchawi

Hapa tunataka tuseme waziwazi, kwa sababu afya za watu zinapotea. Katika nyumba nyingi, bundi akilia usiku karibu na paa, watu husema mgonjwa atakufa, au kwamba jirani ametuma kitu. Tumeshuhudia familia iliyokuwa imejiandaa kumpeleka mgonjwa hospitali asubuhi. Bundi akalia usiku, na asubuhi safari ikageuzwa kuelekea kwa mganga kutafuta aliyemtuma. Siku tatu zikapotea. Siku tatu kwa mgonjwa wa homa ya mapafu ni nyingi mno.

Tufikiri pamoja. Bundi hula panya. Panya hufuata mahindi tuliyohifadhi ndani. Kwa hiyo bundi huja karibu na nyumba zetu kama vile paka angekuja. Hulia kila usiku, lakini usiku mwingine tumelala fofofo. Usiku wa kuuguza tuko macho, taa imewashwa, moyo una hofu, ndipo tunapomsikia. Mgonjwa akipona, tunasahau kwamba bundi alilia. Akifariki, tunakumbuka. Hivyo ndivyo sifa mbaya ya bundi ilivyojengwa.

Bundi hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja, bila malipo na bila sumu. Anayemuua bundi amejiongezea panya ghalani, kisha atakwenda dukani kununua sumu ya panya, ailete katika nyumba yenye watoto wanaotambaa. Tuwaacheni bundi wafanye kazi yao. Na bundi akilia usiku wa kuuguza, mgonjwa apelekwe hospitali asubuhi kama ilivyopangwa.

Manati na sahani ya mtoto

Sasa tuzungumzie vijana wetu na manati zao. Ni rahisi kuwakemea. Lakini tujiulize kwanza: kwa nini kijana anakaa nusu siku porini kwa ajili ya ndege ambaye nyama yake haijazi kiganja? Mara nyingi ni kwa sababu mwili wake unadai nyama, na nyumbani haipo. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, na bado takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa mkoa wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hili ni jambo la kutuumiza. Tumbo limejaa ugali, lakini mwili unakosa vyakula vya kuujenga.

Kwa hiyo hatutasema tu "msiue ndege". Tunasema: mtoto apewe yai, maharage, maziwa, dagaa. Kila nyumba inaweza kufuga kuku kumi. Adui mkubwa wa kuku hao ni mdondo, yaani kideri, nayo chanjo ya I-2 ipo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Familia zikichangiana, chupa moja hutosha kuku wa majirani kadhaa. Kijana akila yai nyumbani, anaweza kuweka manati chini na kumtazama chozi akifyonza maua, kwa furaha tu.

Faida nyingine za kutazama

Kuna wazee wetu wanaoshinda peke yao, watoto wao wakiwa Dar es Salaam. Kuna akina mama waliofiwa. Kuna vijana walioacha shule na kukata tamaa. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu karibu 1,300, walioulizwa mara kadhaa kwa siku juu ya hali ya moyo wao. Waliona kwamba watu wakiona au kusikia ndege, moyo hutulia zaidi, na utulivu huo huendelea kwa saa kadhaa, hata kwa wale wenye ugonjwa wa sonona. Hatusemi ndege ni dawa ya hospitali. Mwenye sonona aende kwa mganga mkuu wa kituo chake. Lakini kumtoa mzee nje asubuhi, akae juani, ahesabu ndege na mjukuu wake, hakugharimu senti. Mguu unatembea, jicho linafanya kazi, na mjukuu anajifunza majina ambayo yangezikwa na babu.

Tufanyeje?

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana.

Kwanza, kila familia ijifunze ndege kumi wa uani kwake. Kama hamjui jina la Kiswahili, tumieni la Kibena, au elezeni tu: je, ni mkubwa kuliko shomoro? Analingana na njiwa? Mdomo wake ni mfupi au mrefu? Anatembea au anaruka-ruka? Analiaje?

Pili, nunueni daftari moja dogo la nyumba. Andikeni tarehe, saa, mahali, idadi na alichokuwa akifanya. Mstari mmoja unatosha. Msiandike kwa kubahatisha. Asiyejulikana aandikwe "hajulikani".

Tatu, jumuiya zinapokutana, au watu wanapobaki uwanjani Jumapili kusalimiana, zitengwe dakika tano za kupeana habari: mbayuwayu wamefika lini mwaka huu? Korongo taji bado wapo bondeni? Kuna aliyeona ndege waliokufa?

Nne, na hili ni la lazima: mkiona ndege wengi wamekufa pamoja, wa porini au kuku, msiwaguse kwa mikono mitupu, wala msiwale hata mkiwachemsha kwa muda mrefu, maana moto hauondoi sumu ya shamba. Watoto na mbwa wazuiwe wasisogee. Toeni taarifa siku ileile kwa mtendaji wa kijiji na afisa mifugo. Aliyekwisha kuwagusa anawe kwa sabuni na maji mengi.

Tano, mkulima afukie mbegu zenye dawa vizuri, asiache zilizomwagika, na asitumie makopo ya dawa kuwekea maji au chumvi. Mtu akipata sumu, dalili zake ni kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kutetemeka misuli, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa taabu. Msimlazimishe kutapika wala kumnywesha maziwa. Mvueni nguo zenye dawa, mwosheni ngozi, mkimbizeni hospitali, na mchukue kopo la dawa ile ili daktari aione.

Kwa kumalizia

Wapo watakaosema kwamba maisha ni magumu, na hatuna muda wa kutazama ndege. Ni kweli maisha ni magumu. Lakini tayari tuko nje na ndege hao, kisimani, shambani, kituoni tukingoja basi. Tunachodaiwa ni kuinua macho na kufungua midomo tuambiane. Wazee wetu waliyafahamu hayo. Walipomsikia dudumizi walijua mvua iko njiani, wakashika jembe.

Watoto wale waliolia kwa kukosa kitoweo cha tetere sasa ni watu wazima, na wana watoto wao. Wako hai kwa sababu bibi mmoja aliuliza swali juu ya ndege. Nasi tujizoeze kuuliza.